Mipangilio ya Bi Koma

Bi Koma hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, miaka mingi kabla msimamizi mpya hajaajiriwa, siku ile kompyuta kubwa ya ofisi ya usajili ilipogoma tangu asubuhi na mafundi watatu wakaizunguka bila kuambulia kitu. Yeye alijiketia pembeni na bunda la karatasi zilizochapwa, akazisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno kama cha mtoto wa darasa la kwanza. Alasiri akasimama, akajinyoosha mgongo, akasema, "Hapa pamekosekana koma." Wakaitia, mashine ikaamka. Tangu siku hiyo akawa Bi Koma, na wageni waliosikia akiitwa ukumbini walidhani ni mtu anayekatazwa jambo.

Msimamizi alipokuja kumkuta, mama huyo alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na soksi nzito za sufu, maana chumba cha mashine kilipozwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya watu. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Msimamizi mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na miwili, vyeti viwili vya chuo, na miezi mitano tu katika cheo. Kumsimamia mtu aliyeanza kazi kabla wewe hujajua kufunga vifungo vya shati si jambo jepesi. Alimwita Bi Koma kwa heshima zote, naye akaitwa bosi kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa na hakika kama ni ya heshima au ya utani.

Ofisi ile ilitoa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Chini palikuwa na ukumbi wenye madirisha tisa na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Juu, ngazi ishirini na nne kwenda kushoto, palikuwa na chumba cha mashine iliyohifadhi kila aliyezaliwa na kila aliyekufa. Siku nyingi kazi ilikwenda vizuri. Lakini kila Jumanne na kila Alhamisi, saa nne ya asubuhi ikigonga, mashine ilizama usingizini kama mtu aliyeshiba. Karani aliandika jina, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena. Akainua uso na kumwambia mtu aliyekuwa mbele yake maneno ambayo mji mzima ulikuwa umeyachoka: "Mfumo umelala." Baada ya dakika arobaini hivi mfumo uliamka wenyewe, wakati nusu ya watu wamekwishakata tamaa na kurudi makwao.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema nyaya zimechoka, wengine joto, wengine walisema makarani ni wavivu na mfumo ni kisingizio. Mama yake msimamizi alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Alikuwa anataka cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa ili apate pasipoti, aende kumwona binti yake aliyejifungulia ughaibuni. Alikwishakwenda mara mbili, akarudi mikono mitupu mara mbili.

"Si unipe jina lako kamili na tarehe, nikuletee hicho cheti nyumbani?" msimamizi alimwambia.

"Jina langu kamili hulijui?" mama akauliza. "Nitapanga foleni kama wenzangu. Nataka nione hiyo kazi unayonielezea kila siku, maana mpaka sasa naona viti tu."

"Basi nenda Jumatano. Jumatano hakuna shida."

Ndipo mkurugenzi, mtu mfupi mwenye haraka ya kudumu, aliponunua dawa. Ilikuwa programu ya kuangalia utendaji: inawekwa ndani ya mashine, na kila baada ya muda fulani inapima nani anatumia nini, nani anangoja nini, na nani anawazibia wenzake njia. Ilikuja na kitabu cha kurasa mia tatu na ushee, na ndani ya kitabu mlikuwa na karatasi moja ya mipangilio ya kuanzia, yenye nafasi kumi na saba za kujazwa. Waliotengeneza programu waliweka jibu lao pembeni mwa kila nafasi, kwa maandishi madogo ya kijivu, ili mwenye haraka asipate tabu.

"Ijumaa nataka iwe inafanya kazi," mkurugenzi alisema Jumatatu, na akaondoka kabla hajajibiwa.

"Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana leo," msimamizi alimwambia Bi Koma. "Ni kukubali tu kila kitu hadi mwisho."

Bi Koma alivaa miwani, akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. "Nipe mpaka Alhamisi jioni, bosi."

"Siku nne? Kwa karatasi moja?"

"Ina maswali kumi na saba."

"Na majibu yamo, Bi Koma. Hayo hapo pembeni."

"Ni majibu ya mashine yao," alisema. "Hii yetu hawajawahi kuiona."

Msimamizi alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kugombana na mkubwa wake kiumri, akamwacha. Lakini siku ya Jumanne nzima roho ilimuuma. Alimwona Bi Koma akitembea na ile karatasi kama mtu anayekusanya saini. Alimkuta kwenye simu akiwauliza waliouza programu swali lilelile mara tatu kwa maneno tofauti. Alimkuta amechuchumaa nyuma ya kabati la diski, akisoma vibandiko kwa tochi. Alimkuta amekaa kimya kabisa na kitabu, yuko ukurasa wa themanini. Swali la kwanza kwenye karatasi lilikuwa jina la mfumo, herufi nne tu, nalo alikuwa hajalijaza.

"Hata jina?" msimamizi aliuliza.

"Sijui bado," akajibu, bila haya hata chembe. "Kuna mahali pawili patakapolisoma. Nikilikosea, pa kwanza hapataonana na pa pili. Naangalia huko pa pili linaandikwaje."

Jumatano asubuhi uvumilivu wa msimamizi ulikwisha. Bi Koma alikuwa ameshuka ukumbini. Siku ilikuwa tulivu, madirisha yote tisa yakifanya kazi, na kitabu kilikuwa wazi mezani. Alijiambia kwamba atakaporudi atakuta kazi imekwisha na watacheka pamoja. Akaketi, akaifungua ile skrini, akakubali la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na saba. Haikumchukua dakika tano. Saa nne na dakika tisa akaiwasha programu.

Mwanzoni mambo yalipendeza. Namba zilimiminika, mistari ya rangi ikapanda na kushuka, na msimamizi akajisikia kama mtu aliyefunua kifuniko cha sufuria na kuona chakula kinachemka vizuri. Kisha namba zikaanza kusuasua. Kisha zikasimama. Akabonyeza, hakikutokea kitu. Simu ya ndani ikalia. Ilikuwa dirisha la kwanza. Kabla hajaijibu ikalia ya pili.

Hakujua kwamba majibu yale ya kijivu yaliifanya programu ipime kila sekunde, ihifadhi kila kitu cha kila mtu, na ikihifadhi kwenye diski ileile ambayo makarani waliitegemea kwa kazi zao za papo kwa papo. Diski ilikuwa inajaa kama ndoo chini ya bomba. Alichojua ni kwamba ameizima ofisi nzima siku ya Jumatano, na mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye amri ya kuiua programu kwa nguvu.

Mlango ukafunguliwa. Bi Koma aliingia akihema kidogo kwa zile ngazi, lakini hakukimbia.

"Umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

"Sawa. Toa mkono hapo, bosi. Usiguse kitu."

Alivuta kiti, akakaa, akavaa miwani. "Ukiiua hivyo itakufa imeishikilia ile diski, na tutashinda hapa tunaibembeleza iachie. Kuna utaratibu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili." Hakukifungua kitabu. Alisimamisha kwanza kile kipande kinachokusanya, akangoja mashine ikubali, ikachukua muda wake, akangoja tu, mikono mapajani. Kisha kile kinachohifadhi. Kisha akaifuta ile historia iliyokuwa imeandikwa, kidogo kidogo, mpaka diski ikapumua. Wakati wote huo hakusema neno lolote la kumchoma. Msimamizi alisimama nyuma yake na kutazama vidole vile vinene vikibonyeza polepole, kila kimoja kikijua kinakokwenda, na katikati ya aibu yake yote aliona kitu ambacho hakuwa amekiona chuoni wala kwingine: mtu aliyesoma kitabu kwa ajili ya siku mbaya kabla siku mbaya haijaja.

Saa nne na dakika thelathini na moja simu ziliacha kulia. Bi Koma akachukua daftari la zamu na kuandika kwa mwandiko wake wa duara: programu iliwashwa na msimamizi kwa mipangilio ya kitabuni, huduma zilisimama, programu ilizimwa kwa utaratibu, hakuna kumbukumbu iliyopotea.

"Lazima liandikwe hivyo?" msimamizi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndivyo lilivyokuwa," alisema. "Nimeandika cheo, sikuandika hasira. Nenda ukumbini, watu wanastahili kuona uso."

Alishuka. Katika safu ya tatu ya viti vya plastiki, mkoba umekaa mapajani, alimwona mama yake.

"Uliniambia Jumatano ni siku njema," mama alisema.

"Ilikuwa njema, mama. Mimi ndiye niliyeiharibu. Nilibonyeza kitu kabla ya kukielewa."

Mama alimtazama, akayapima maneno hayo. Watu wawili waliokaa karibu nao wakageuka kusikiliza. "Basi si makarani," alisema hatimaye. "Haya, nimesikia. Mimi naenda nyumbani, miguu imevimba. Na wewe rudi huko juu ukaelewe."

Alirudi. Alivuta kiti cha pili karibu na cha Bi Koma na kusema, "Nifundishe hayo maswali."

"Siwezi kukufundisha, sijayamaliza mwenyewe," akajibu. "Lakini tunaweza kuyatafuta wote. Macho manne yanafika ukurasa wa mia tatu mapema."

Siku moja na nusu iliyofuata msimamizi aliikumbuka baadaye kuliko mihadhara yote aliyowahi kuhudhuria. Bi Koma alikuwa na namna moja tu ya kufanya kazi: alisoma swali kwa sauti, akauliza limewekwa kwa ajili gani, akasema anajua au hajui. Mara nyingi alisema hajui. Alilisema neno hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja mahali alipoweka funguo, na baada ya kulisema alinyanyuka kwenda kutafuta.

Programu ipime kila baada ya muda gani? Kinachotusumbua kinakaa dakika arobaini, alisema. Kitu cha dakika arobaini hakiwezi kumkimbia mtu anayechungulia mara moja kwa dakika. Kila sekunde ni kuibughudhi mashine bure. Wakaandika dakika moja. Historia ihifadhiwe wapi? Kule nyuma ya kabati, kwenye diski ambayo Jumanne aliikuta haina mwenyewe. Kwa muda gani? Msimamizi alipendekeza siku saba. Bi Koma akatikisa kichwa. "Jumanne moja haisemi kitu. Nataka niipange Jumanne na Jumanne wenzake." Wakaandika wiki nane. Nani aruhusiwe kuona? Kila mtu wa chumba kile. Nani aruhusiwe kubadilisha? "Mimi na wewe," alisema, na msimamizi, ambaye jana yake tu alikuwa amejivunjia heshima, alilipokea neno lile la mwisho kama zawadi.

Swali la kumi na moja lilikuwa kiwango cha tahadhari: mashine ikichelewa kujibu kwa sekunde ngapi, programu ipige kelele? Jibu la kijivu lilisema kumi.

"Hili haliko kitabuni," Bi Koma alisema. "Hili liko chini."

Wakashuka wote wawili, wakasimama nyuma ya karani wa dirisha la tatu, kijana wa kike mwenye ulimi mwepesi aliyewauliza kama wamekuja kumfukuza kazi au kumsaidia.

"Tumekuja kutazama mkono wako," Bi Koma akamjibu. "Jifanye hatupo."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika kumi, na mashine ilikuwa imeshazama. Karani aliandika jina la mzee mmoja, akabonyeza, akangoja. Bi Koma alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Karani akabonyeza tena. Mteja wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Bi Koma akasogea dirisha la nne, kisha la saba, akihesabu.

"Ukibonyeza mara ya pili unatarajia nini, mwanangu?" alimuuliza yule wa dirisha la tatu.

"Labda ya kwanza haikuingia."

"Huingia. Sasa unakuwa umeomba mara mbili, na mashine inamtafuta mtu yuleyule mara mbili." Akamgeukia msimamizi. "Wote wanavumilia sekunde nne. Ya tano hawaifikishi. Yaani mashine ikifika sekunde nne, wenyewe tunaanza kuizamisha zaidi. Tahadhari iwe sekunde tatu."

Msimamizi aliandika tatu. Alikuwa amepita nyuma ya madirisha yale kila siku kwa miezi mitano na hakuwahi kuutazama mkono wa mtu.

Walibakiza la kumi na sita. Liliuliza kama programu ifuatilie pia kazi za mfumo wenyewe, zile ambazo mashine hujifanyia kwa ndani ili iendelee kuishi. Jibu la kijivu lilisema hapana.

"Hapa nakubaliana nao," msimamizi alisema. "Hizo ni kazi za ndani, hazina neno."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kisome tena."

Akasoma kwa sauti: "Kwa kawaida hakuna haja ya kufuatilia kazi za mfumo."

"Kwa kawaida," Bi Koma alirudia. "Na hiki kinachotuangusha kila Jumanne ni cha kawaida? Tuzifuatilie. Tukiona hazina kosa, tutawaomba radhi."

Wakaandika ndiyo. Ijumaa asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, waliiwasha, msimamizi akibonyeza na Bi Koma akimsomea. Haikutikisa kitu. Mkurugenzi alikuja, akasimama mbele ya skrini yenye mistari ya kijani iliyonyooka, akaonekana kama mtu aliyealikwa harusini akakuta watu wamelala.

"Mbona hakuna kitu?"

"Leo Ijumaa," Bi Koma alimwambia. "Ijumaa hakuna kitu. Njoo Jumanne, saa nne kasoro."

Jumanne alikuja, na saa nne kasoro dakika kumi walikuwa watu watatu mbele ya skrini moja. Saa nne na dakika mbili mstari mmoja ukageuka njano. Saa nne na dakika tatu ukawa mwekundu, na programu ikatoa kengele yake ndogo, kavu, ya sekunde tatu. Msimamizi alifungua orodha ya wanaotumia mashine. Juu kabisa, ikiwa imeshika karibu nguvu yote peke yake na makarani wote tisa wakigombania makombo, ilikuwa kazi moja yenye jina la herufi nane. Ilikuwa katika kundi la kazi za mfumo.

"Ni nini hiyo?" mkurugenzi aliuliza.

"Siifahamu," msimamizi alisema kweli. "Ni ya zamani sana. Iliingizwa miaka kumi na tisa iliyopita. Aliyeiweka hajaandikwa jina."

Akageuka kumwuliza Bi Koma, na akamkuta amevua miwani. Alikuwa ameishika mkononi, kamba ikining'inia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Baadaye msimamizi aliurudia moyoni mwake mara nyingi wakati ule mfupi. Miaka kumi na tisa. Walioajiriwa wakati huo walikuwa wamestaafu wote isipokuwa mmoja. Hapakuwa na jina. Ingetosha kabisa kusema, kitu cha kale, hakuna ajuaye kilitoka wapi, tukifute. Mkurugenzi angepiga makofi na kwenda kunywa chai.

"Ni yangu," Bi Koma alisema.

"Yako vipi?" mkurugenzi akauliza.

"Niliiandika mimi. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na kikao kila Jumanne na Alhamisi, saa nne na nusu. Alitaka orodha ya waliozaliwa na waliokufa, eneo kwa eneo, iwe mezani kwake kabla hajaingia. Nikaiandika. Na kwa kuwa hakupenda kucheleweshwa, nikaiweka kwenye kundi la kazi za mfumo ili mtu asiisukume pembeni. Akastaafu, na mimi nikasahau kuitoa. Niliisahau kabisa. Hata hilo jina nimelitambua sasa hivi, kwa zile herufi tatu za mwisho, ambazo zamani nilizitia kwenye kila nilichoandika."

"Kwa hiyo miaka kumi na tisa watu wanasumbuka kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna anayeisoma," mkurugenzi alisema.

"Si kumi na tisa," alisema Bi Koma. "Mwanzoni ilichukua dakika mbili, hakuna aliyeiona. Inapitia kumbukumbu zote toka ya kwanza, na kumbukumbu zinaongezeka. Nadhani imeanza kuumiza watu miaka minne au mitano hivi. Nitaangalia ili niseme kwa hakika."

Msimamizi alitazama sakafu. Alijua watu wanaokiri makosa kwa kulia na kujipiga kifua mpaka wewe ndiye unayelazimika kuwabembeleza. Huyu hakuyapunguza makosa yake wala kuyatia chumvi. Aliyapima kama alivyopima kila kitu kingine, na kuyaweka mezani yakiwa na uzito wake halisi.

Mkurugenzi alijikuna shingo. "Basi izime."

"Siizimi leo."

"Bi Koma."

"Nipe siku moja niulize kama kuna mtu yeyote anayeitegemea. Nilikosea kwa kuiacha bila kuuliza. Nisikosee tena kwa kuitoa bila kuuliza."

Mkurugenzi alitazama saa yake, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Na hiyo programu," alisema, "ingewekwa kama ilivyokuja, tungeiona hii?"

"Hapana," msimamizi alijibu haraka, kabla Bi Koma hajasema neno. "Kitabu kilisema tusiangalie huko. Ni yeye aliyekataa."

Waliuliza kwa siku nzima. Printa ambayo orodha ile ilikuwa ikitumwa ilikwishauzwa kama chuma chakavu. Nakala zilikuwa zimejipanga ndani ya diski zikingoja mlango ambao haupo, karibu elfu mbili. Ofisi ya takwimu, ilipopigiwa simu, iliuliza, "Orodha gani hiyo?" Jioni ya Jumatano Bi Koma alitunza nakala moja ya programu yake ya zamani, akaandika daftarini ameiandika lini, kwa nini, na kwa nini anaiondoa, akaweka jina lake kamili, ambalo msimamizi alikuwa hajawahi kuliona limeandikwa. Kisha akaitoa.

Alhamisi saa nne msimamizi alikwenda kusimama ukumbini. Saa nne na dakika tano, madirisha tisa yalikuwa yakienda. Saa nne na robo, vilevile. Hakuna aliyeshangilia, maana hakuna aliyejua kwamba kuna kitu hakikutokea. Watu walikuja, wakataja majina, wakapewa karatasi zao zikiwa bado na joto la kuchapwa, wakaenda zao. Karani wa dirisha la tatu ndiye peke yake aliyeinua kichwa na kutazama saa ya ukutani, kisha mkono wake, kama mtu aliyepanda ngazi akakosa ile ya mwisho. Mama yake msimamizi alipita dirisha la sita. Alikisoma cheti chake mbele na nyuma, akakikunja, akakitia mkobani.

"Nilikuwa nimekuja na chakula nikijua nitashinda hapa," alimwambia mwanawe. "Chukua, kaleni na huyo mwenzako wa juu."

Walikila nyuma ya jengo, juani, kwa sababu Bi Koma alisema mwili wake una deni la joto la miaka mingi. Alivua sweta moja, akala taratibu. Msimamizi alimwacha amalize ndipo akamwuliza swali alilokuwa nalo tangu Jumanne.

"Uliogopa, siku ile?"

"Niliogopa. Ndiyo maana nilivua miwani."

"Na hapakuwa na jina. Ungeweza kunyamaza."

Bi Koma alilamba vidole, akafikiri kwa makini, kama aliyeulizwa moja ya yale maswali kumi na saba. "Ningenyamaza, wewe ungeanza kuitafuta. Ungetafuta siku ngapi? Na mimi ningekaa kwenye kiti cha pembeni nikikutazama unatafuta kitu nilichonacho mfukoni." Akatikisa kichwa. "Hapana. Kazi yenyewe ingenishinda."

Siku hiyohiyo msimamizi alikuwa ameandika taarifa kwa mkurugenzi, kurasa mbili, na humo alikuwa ameweka Jumatano yake pamoja na dakika zake zote ishirini na mbili, kwa mwandiko ambao alijaribu uwe hauna hasira wala huruma. Hakumwambia Bi Koma. Alikusanya vyombo vya mama yake, akavifuta kwa gazeti.

"Halafu, bosi," Bi Koma alisema akivaa tena sweta yake, "saa tisa alasiri kuna kitu kingine kidogo nimekiona. Kinapanda njano, kinashuka. Hakimuumizi mtu bado."

"Ni nini?"

"Sijui," alisema, macho yakimng'aa, na wakaelekea kwenye ngazi.